Sifa za Penati ya Utata

Wafungaji wamesifiwa hadi wamevimba vichwa. Makipa wamesifiwa, makocha wamesifiwa wiki moja kabla ya kufukuzwa, hata wasemaji wa klabu, ambao kazi yao ni mdomo, wana mashabiki wao. Aliyesahaulika ni mmoja tu, naye ndiye mchapakazi kuliko wote: penati ya utata. Ile iliyotolewa isipostahili, ile iliyonyimwa ilipostahili, ile iliyorudiwa kwenye televisheni mara saba na bado watu wawili waliokaa benchi moja wakaona vitu viwili. Ndugu zake wa damu nawasifu pamoja naye: goli lililokataliwa, filimbi iliyochelewa, na mashine ya marudio iitwayo VAR, iliyoletwa kuumaliza ukoo huu ikaishia kuolewa humo humo.

Nayasema haya nikiwa Kizwite, Sumbawanga, na naomba ushahidi wetu upewe uzito wake. Sisi hatukai jirani na Uwanja wa Benjamin Mkapa. Ligi Kuu tuliiona kwa macho makavu msimu wa 2020/21, Tanzania Prisons ya Mbeya ilipocheza mechi zake za nyumbani hapa kwetu, Uwanja wa Nelson Mandela. Wenyewe wakarudi zao Mbeya, nasi tukarudi kibanda umiza, kwenye mabenchi ya mbao, makoti yamefungwa hadi shingoni, karanga mkononi. Kwa miaka mingi umeme wa Rukwa umekuwa ukinunuliwa Zambia. Kwa hiyo mtu wa Kizwite anapoapa kwamba mpira ulivuka mstari na ameuona kwa macho yake mwenyewe, anaapa kwa kamera ya Pretoria, king'amuzi cha Dar es Salaam na umeme wa Zambia. Nchi tatu zinamtolea ushahidi. Refa ana filimbi tu.

Kwanza niutaje ukoo, maana asiye na ukoo hasifiwi. Penati iliingia kwenye sheria za soka mwaka 1891, kwa wazo la William McCrum, kipa wa kijiji cha Milford huko Ireland. Waungwana wa Uingereza waliipokea kama tusi: sheria gani hii inayodhani mtu mstaarabu anaweza kumwangusha mwenzake kwa makusudi? Tazama basi: siku ya kuzaliwa tu, mtoto amekuta watu wanagombana. VAR iliandikwa rasmi kwenye sheria Machi 2018, ikapelekwa Kombe la Dunia Urusi mwaka huo huo. Tarehe 16 Juni, mjini Kazan, refa Andrés Cunha wa Uruguay alikwenda kutazama marudio akawapa Ufaransa penati dhidi ya Australia, Antoine Griezmann akafunga. Tarehe 15 Julai, kwenye fainali yenyewe, Néstor Pitana wa Argentina alikwenda kwenye skrini, akauona mkono wa Ivan Perišić wa Croatia, akarudi na penati. Mashine iliyotumwa kumaliza ubishi iliufikisha ubishi fainali ndani ya mwezi mmoja. Wachezaji wangapi wamepanda daraja kwa kasi hiyo?

Sasa matendo yake, nikianza na lile lililotugusa.

Machi 30, 2024, Yanga na Mamelodi Sundowns walitoka 0-0 Dar es Salaam, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Ijumaa ya Aprili 5 wakarudiana Pretoria, Uwanja wa Loftus Versfeld. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki akaachia shuti. Mpira ukagonga mwamba wa juu, ukashuka, ukadunda, ukatoka. Ulidundia wapi? Hapo ndipo taifa lilipogawanyika. Refa Dahane Beida wa Mauritania na wenzake wa chumba cha VAR waliona si goli. Teknolojia ya mstari wa goli, ile yenye kamera zake maalumu zinazomwambia refa kwenye saa ya mkononi kwamba mpira umeingia wote, haikuwepo. Dakika zikaisha 0-0, wakaenda kwenye mikwaju, Sundowns wakashinda 3-2.

Mtu asiyejua thamani ya vitu atasema Yanga walipoteza usiku ule. Mimi nasema walipewa mali. Ukifungwa kihalali huna cha kwenda nacho nyumbani. Unafika mlangoni mikono mitupu, mkeo anauliza matokeo, unasema "tumefungwa", na sentensi inaishia hapo. Lakini ukinyimwa goli! Unaingia ndani kifua mbele, unahitaji kiti, kikombe cha maji na mtu wa kukusikiliza. Lalamiko likitunzwa vizuri hudumu kama mahindi kihengeni: unachota kidogo kidogo hadi msimu mwingine. Lile la Pretoria hapa Kizwite bado linachotwa.

Sifa yake ya pili ni usawa. Goli safi lina mwenyewe mmoja, aliyefunga, anayejua alivyofunga. Goli la utata ni la umma. Siku iliyofuata, kijiweni kwa bodaboda, nani aliuliza mtu amesoma hadi wapi? Mwalimu alikuwa na picha kwenye simu, kijana wa pikipiki alikuwa na picha yake, na ya kijana ilikuwa imepigwa mistari mingi zaidi.

"Kaka, mpira wote uko ndani. Hii hapa chokaa, huu hapa mpira, katikati majani yanaonekana."

"Majani hayo umeyachora wewe, bwana. Picha imepigwa kwa pembeni."

"Basi nenda ukaitazame kwa macho ya mtu asiye Simba."

"Yuko wapi huyo hapa Sumbawanga? Nioneshe nimfuate."

Sheria inasema mpira wote uvuke mstari wote. Sheria ya usiku ule ilisema VAR iingilie pale kosa linapokuwa wazi na la dhahiri, tena kwa mambo manne: goli, penati, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mchezaji aliyeadhibiwa kwa kosa la mwingine. Hayo maneno "wazi na dhahiri" niyasifu peke yake. Aliyeyaandika alijua kwamba kilicho dhahiri Jangwani kwa Yanga si dhahiri Msimbazi kwa Simba, akatuachia nafasi ya kuishi. Watani zetu, wanaoamini kwamba Sumbawanga radi ya kichawi ni bidhaa ya dukani, walituuliza tulikuwa wapi usiku ule wa Pretoria. Jibu letu ni kwamba hata radi haipigi mpaka kosa liwe wazi na dhahiri.

Tatu, utata una nguvu hata ukiwa umekufa. Mei 31, 2019, fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Radès, Tunisia: Esperance wanaongoza, Wydad ya Casablanca wanasawazisha, goli linakataliwa. Wydad wanadai marudio yatazamwe. Wanaambiwa mashine haifanyi kazi. Wachezaji wakagoma kuendelea, muda ukapita, Esperance wakapewa kombe, na kesi ikasafiri hadi mahakama ya michezo Uswisi. Nyie mnasema mashine inazua maneno. Ile ilizua maneno ikiwa imezimwa.

Nne, unatuunganisha na majirani. Januari 12, 2022, kwenye AFCON, mjini Limbe, Cameroon, Tunisia na Mali walichezeshwa na Janny Sikazwe wa Zambia, mwenye jina ambalo hapa Kizwite lingepita bila mtu kuuliza limetoka wapi. Penati mbili zilitolewa siku ile, moja kila upande: Mali wakafunga yao, kipa wa Mali akaokoa ya Tunisia. Sikazwe akapuliza filimbi ya mwisho dakika ya 85. Wakamrudisha. Akaenda kwenye skrini kuhakikisha kadi nyekundu ya Mali, akaishikilia, kisha akamaliza mpira tena kabla dakika ya 90 haijatimia. Baadaye ilielezwa kwamba jua lilikuwa limemzidi. Dunia nzima ilimcheka. Sisi wa Ufipa, tuliowashiwa taa na Zambia miaka yote hiyo, tulijua kidogo zaidi: kitu cha kutoka ng'ambo ile huweza kukatika kabla ya muda, ukingoja kitarudi.

Tano, na hii ni sifa nzito, utata una haki yake, ila haina haraka. Januari 4, 2026, Taifa Stars walicheza hatua ya mtoano ya AFCON kwa mara ya kwanza katika historia, dhidi ya wenyeji Morocco, mjini Rabat. Brahim Díaz akatufunga, 1-0. Dakika za nyongeza Iddi Selemani "Nado" akaanguka ndani ya boksi. Filimbi kimya, chumba cha VAR kimya. Nchi nzima ikasimama juu ya viti, na kibanda umiza chetu kikapoteza benchi moja. Siku kumi na nne baadaye, fainali, uwanja ule ule, Morocco na Senegal hawajafungana, refa Jean-Jacques Ndala wa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, anaitwa kwenye skrini dakika za nyongeza. Anarudi na penati ya Morocco. Wasenegali wanatoka uwanjani kwa hasira, wanarudi baada ya kubembelezwa. Mpigaji ni Brahim Díaz, yule yule. Akaamua kuubetua mpira taratibu katikati ya goli, na Édouard Mendy, aliyekuwa amesimama tu palepale, akaupokea kama mtu anayekabidhiwa mtoto. Usiku ule Kizwite walikuwepo watu waliolala wakiamini penati ya Nado imeshalipwa, na riba juu.

Wapo wenye moyo mgumu wasemao dawa ni kuleta refa wa mbali asiyejua Simba wala Yanga. Dawa hiyo tumeionja. Mechi ya watani iliyoshindikana Machi 8, 2025 ilichezwa hatimaye Juni 25, na refa akaletwa kutoka Misri. Mgeni wa watu akashuka, akachezesha, ndani yake kukawa na penati, Yanga wakashinda 2-0. Anayedhani kwamba usiku ule Msimbazi walilala wakisema "refa ametoka mbali, basi yameisha" hajawahi kukaa na shabiki hata dakika moja. Utata haukuhitaji pasi ya kusafiria. Ulimpokea mgeni uwanja wa ndege.

Nimeacha sifa kuu mwisho, kwa sababu hata wanaoifaidi hawapendi itajwe. Penati ya utata hutufichia penati zisizo na utata.

Rudi Pretoria. Uliza Kizwite nzima juu ya mpira wa Aziz Ki, utaoneshwa hadi unyasi uliokanyagwa. Kisha uliza juu ya mikwaju iliyofuata. Yanga walifunga miwili tu. Akina nani walikosa? Walipiga upande gani? Walikuwa wamefanya mazoezi ya mikwaju mara ngapi wiki ile? Utasikia mtu anakohoa. Golini kwa Sundowns alikuwa amesimama Ronwen Williams, ambaye miezi miwili tu kabla, Februari 3, alikuwa ameokoa mikwaju minne ya Cape Verde katika robo fainali ya AFCON. Mikwaju minne, mechi moja, mbele ya Afrika nzima! Hiyo haikuwa siri ya kambi. Mpira ukiwa umetulia kwenye kitone, hatua kumi na mbili kutoka golini, hakuna beki, hakuna kibendera, hakuna chumba cha VAR, hakuna Mauritania. Kuna mtu, mpira na kipa. Na dakika 180 kabla ya hapo, nyumbani na ugenini, nafasi zilikuwepo za kufunga goli ambalo hata kipofu asingeulizia lilipodundia.

Nani anayataka maswali hayo? Kocha hayataki, kiongozi hayataki, na shabiki, nawaambia kweli, anayachukia kuliko wote, kwa kuwa yanamnyima ile safari ya kurudi nyumbani kifua mbele. Penati ya utata inaingia katikati yetu na maswali hayo kwa huruma ya mama, inatufunika macho, inatuambia: si ninyi, ni refa. Nani mwingine kwenye soka la nchi hii anatupenda kiasi hicho?

Kwa hiyo, kwa niaba ya kibanda umiza chetu na benchi zilizosalia, ninawaomba wakubwa wa CAF na TFF. Marefa waendelee kuwa binadamu. Mashine iendelee kutazama kutoka upande ambao nguzo inaziba. Picha za marudio zije polepole, zikiwa na ukungu wa kutosha kila mmoja aone anachokipenda. Na ile teknolojia ya mstari wa goli, inayosema ndiyo au hapana kwa sekunde moja bila kujali mtu ni wa Jangwani au wa Msimbazi, tafadhali bakini nayo huko huko. Mkituletea, ubishi utaisha saa tatu usiku, tutabaki tunatazamana hadi asubuhi, na mwisho wa yote mtatulazimisha kufanya jambo la kuchosha kuliko kulalamika: kujifunza kupiga penati.