Kikao cha Kusimama

Mwaka 2001 watengenezaji programu 17 walikutana kwenye hoteli ya milimani huko Utah, Marekani, wakatoa ilani fupi: watu na maelewano yao watangulizwe mbele ya taratibu na zana. Basi ofisi zetu, kwa kuitii ilani hiyo, zimenunua zana ya kufuatilia kazi, zana ya kufuatilia zana, na cheti cha anayejua kuzitumia zote mbili. Kikao cha asubuhi, ambamo watu hutakiwa kusimama ili miguu ichoke kabla ya ulimi, sasa kina viti, chai na maandazi. Kila mmoja hueleza alichofanya jana, yaani alihudhuria vikao.

Mradi ukichelewa, bosi huajiri vijana wengine, ingawa mtaalamu wa kompyuta Fred Brooks alishaandika katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. (Labda bosi anasubiri filamu ya kitabu hicho.)

Wakongwe wa COBOL, lugha ya kompyuta iliyoanza kubuniwa 1959, wao hawana pupa. Benki bado zinawahitaji. Nawe ndugu yangu unayehama zana kila mwezi, hongera, wasifu wako unameremeta. Ila programu ya mteja bado haifunguki.