Uraia wa Kale Tuupeleke Wapi?

Kwa Wizara tukufu ya Elimu ya Taifa na Uraia Mpya, Kinshasa.

Mimi mwalimu wa somo la uraia katika mji wa Bukavu, ambaye kazi yangu ni kuwaeleza watoto wa Kadutu na Bagira jinsi dola inavyoendeshwa, naomba idhini ya kuwasilisha haja moja, nayo ni hii: tangu mwaka 2024, jina la Wizara lilipoongezewa huo Uraia Mpya, wanafunzi wangu hawaachi kuniuliza ule wa kale utapelekwa wapi, maadam katiba iliyouleta, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, ingali katika hali njema kabisa, kama kanzu ya sikukuu iliyokunjwa sandukuni ambayo mwenyewe hajapata siku ya kuivaa.

Watoto hawa wana ila moja kubwa, na ni wajibu wangu kuwashitaki kwenu: wanasoma. Nilipowafundisha ibara ya 5, isemayo kwamba enzi ya taifa ni ya wananchi, niliwachorea ubaoni ngazi iliyowekwa na sheria ya Oktoba 2008: raia huwachagua madiwani wa komini, madiwani hao huwachagua madiwani wa mji, na hao nao humchagua meya. Ndipo msichana mmoja wa dawati la mbele aliponiuliza, kwa adabu, ni vidato vingapi vilivyokwisha kukanyagwa. Nikamjibu kwamba madiwani wa komini walichaguliwa kwa mara ya kwanza chini ya katiba hii tarehe 20 Desemba 2023, yaani baada ya miaka 17 na ushei, tena katika baadhi tu ya makomini ya nchi, na kwamba mameya wa Bukavu tumezoea kuwapokea kwa uteuzi kutoka juu. "Basi, Mwalimu," akasema, "ngazi hii ni ya kushukia, si ya kupandia." Nilimpa alama zote, kisha nikaufuta ubao upesi.

Tulipofika mlango wa fedha, ibara ya 65, inayomwajibisha kila Mkongomani kulipa kodi, haikuhitaji maelezo, kwa kuwa mama zao huiishi kila siku. Mtoto mmoja, ambaye mamaye huuza sambaza katika soko la Kadutu, alituletea kikaratasi cha ushuru wa siku, kimelowa maji ya samaki hata mhuri haukusomeka, ila tarakimu za fedha zilisomeka wazi. Tukakiweka kando ya ibara ya 175, ambayo yasema kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa ni haki ya majimbo, na kwamba sehemu hiyo ikatwe papo hapo inapopatikana, isingoje kwenda Kinshasa na kurudi. Ingawa tangu ibara hiyo iandikwe haijapata kutekelezwa kwa ukamilifu, sikutaka watoto wadhani kwamba jambo lenyewe ni muhali. Kwa hiyo nimewafundisha kwamba kanuni ya kukata papo hapo imefanikiwa vizuri mno nchini mwetu, walakini kwa mama wa sambaza peke yake.

Fauka ya hayo, wanataka kujua dola huwagawiaje watu ambao haijui idadi yao, kwa kuwa sensa ya mwisho ilifanywa mwaka 1984, wakati ambapo wengi wa wazazi wao walikuwa wachanga au hawajazaliwa. Nikawatuliza kwa kuwaambia kwamba kazi ya kututambua imekwisha kuanza, maana kadi ya kwanza ya utambulisho wa taifa alikabidhiwa Rais mwenyewe mwezi Juni 2023; na hiyo ni busara, kwani ndiye mtu pekee ambaye askari yeyote wa barieri asingeshindwa kumtambua. Sisi tuliosalia hutembea na kadi ya mpiga kura, ambayo wengi walioipata mwaka 2023 waliona wino wake ukififia hata kabla ya siku ya kupiga kura.

Lakini mlango ulionishinda ni ibara ya 64, inayomwajibisha kila Mkongomani kumpinga mtu au kundi litwaalo madaraka kwa nguvu. Katikati ya Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu na benki zikafungwa. Na muungano wa AFC, ambao M23 wamo ndani yake, huongozwa na Corneille Nangaa, yule yule aliyekuwa mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi tangu 2015 hadi 2021, ambaye katika zama zake kaka za wanafunzi wangu walipata kadi zao za mpiga kura. Mvulana mmoja akaniuliza kama wajibu huo wa kupinga ni wa raia kwanza, au ni wa jeshi, ambalo siku ile lilikuwa limekwisha kuuacha mji. Sikumjibu. Naleta swali hilo kwenu, maadam mtungaji wa mtaala ndiye apaswaye kutoa majibu yake.

Almuradi, siombi somo lifutwe, wala simlaumu mtoto yeyote kwa kuuliza. Naomba uchaguzi ufike kwenye baraza la mji na kwa meya. Naomba asilimia 40 ikatwe papo hapo kama ushuru wa Kadutu unavyokatwa. Naomba tuhesabiwe, tupewe kadi, na tulindwe na wale wanaolipwa kwa kazi hiyo. Hayo yote yamo katika uraia wa kale, na hayahitaji kitabu kipya. Yakitimizwa, leteni huo mpya, nasi tutaufundisha kwa moyo mkunjufu. Kabla ya hapo, Wizara isigharimike kuuchapisha.

Wenu mtiifu, kwa kadiri katiba inavyoruhusu,
Mwalimu wa uraia, Bukavu.