Mpiga Ngoma Asiyekula Biriani

Mpwa wangu alipochumbiwa Mombasa, niliropoka kwamba zawadi yangu itakuwa wimbo wa chakacha, niurekodi mwenyewe hapa East Ham. Mpiga ngoma niliyempata London alitaka malipo, nauli na biriani ya watu wawili. Jumapili moja, kwenye soko la mitumba, nikakutana na kisanduku cha ngoma cha umeme, ubavu wa mbao, vitufe vimepangana kama meno ya mzee. Nikasema moyoni: huyu hali, hachelewi, haombi nauli. Nikalipa.

Visanduku hivi vina ukoo. Mjapani Ikutaro Kakehashi, kabla ya kuanzisha Roland huko Osaka mwaka 1972, alitoa Rhythm Ace FR-1 mwaka 1967 akiwa na kampuni yake ya Ace Tone. Midundo 16, yote imepangwa kiwandani. Changu nacho kilikuwa na waltz, tango, foxtrot, rumba na samba. Chakacha hamna. Dunia nzima imealikwa, watu wa Pwani tumesahauliwa.

Uzuri wake, ukibonyeza vitufe viwili midundo huchanganyika. Chakacha huenda kwa sita. Waltz ni tatu, na tatu mara mbili ni sita. Hesabu imekubali! Nikabonyeza waltz, nikaongeza rumba ili ichangamke. Zikatoka harusi mbili katika ukumbi mmoja, kila moja ikimtafuta bibi harusi wake.

Nikabaki na waltz. Saa nne usiku, niko ubeti wa mwisho, friji ikajiwasha: tak! Ikaingia kwenye kanda. Nikaichomoa friji. Nikarekodi hadi saa saba, safi kabisa. Asubuhi harufu ya samaki ikanikumbusha kwamba sikuirudisha.

Jirani wa chini, bibi mmoja Mwingereza mpole, akabisha hodi kuniuliza kama mashine yangu ya kufulia imeshapona.

Nikautuma wimbo hivyo hivyo. Lakini mpiga ngoma wa chakacha hutazama viuno. Akiona mchezaji amekolea, naye hupandisha. Kisanduku changu usiku kucha kilitazama ukuta.

Shangazi akausikiliza hadi mwisho, kisha akanitumia ujumbe wa sauti: “Mwanangu, sauti unayo, mashallah. Lakini huyo mpiga ngoma wako, ulimpa chakula kweli?”