Gavana wa Kuchagua, Mkuu wa Kuletewa

Nigeria ni shirikisho la majimbo 36. Kila jimbo lina gavana aliyepigiwa kura na bunge lake, na yale yanayochimba mafuta hupewa na Katiba angalau asilimia 13 ya pato lake. Sisi wa Geita, Tanzania, hatuna usumbufu huo. Mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais. Tunalisikia jina redioni usiku, asubuhi tunapanga ngoma za mapokezi.

Dhahabu nayo haitusumbui. Mrabaha wa asilimia 6 huenda Hazina, halmashauri ikabaki na ushuru wa huduma: asilimia sifuri nukta kitu ya mauzo. Hiyo sifuri na nukta yake ndiyo sauti yetu katika meza ya taifa.

Kukata ramani tu ndiko tunakoshindana nao. Wanajeshi wa kule waliifikisha nchi majimbo 12 mwaka 1967, na 36 mwaka 1996. Hapa, mwaka 2012, watu wa Bukombe walilala Shinyanga wakaamka Geita bila kufunga hata godoro. Bariadi, Maswa na Meatu wakaenda Simiyu. Shinyanga tangu hapo inaiangalia Kahama kwa macho yote mawili, isije nayo ikaondoka.

Kusema haki, kura si dawa. Mwaka huohuo wa 2012 James Ibori, gavana wa zamani wa Delta, alihukumiwa London kifungo cha miaka 13. Labda jaji aliipenda ile asilimia 13 ya mafuta. Mkuu wetu wa mkoa hata hafikii huko: kabla hajaijua njia ya Nyarugusu, hapahapa Geita, keshahamishwa.