Namna ya Kushindwa Vizuri na Kijana Asiyetaka Sweta

Mzazi mwenzangu wa Chukwani, katika vita vya sweta hutashinda. Mwanao ana miaka kumi na tano, ana kioo, ana wenzake wanaomngoja kituoni, na hakuna nguo ya sufu inayoweza kushindana na hivyo vitatu. Basi jifunze kushindwa kwa mpango. Ukishindwa kwa mpango, mtoto anapata joto, nyumba inapata amani, na wewe unabaki na sauti ya kumwambia mengine.

1. Usibishane kama baridi ipo au haipo.

Ipo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inahesabu kipupwe kuanzia Juni hadi Agosti, na miezi hiyo usiku wa Unguja hushuka hadi nyuzi joto 21 au 22. Mgeni wa Ulaya akisikia tunaiita hiyo baridi, atacheka. Mwache acheke. Mwili uliozoea nyuzi 32 za Februari hauhesabu kwa kipimo cha mgeni huyo. Juu ya hapo kuna kusi, ambalo linapeperusha lile joto dogo linaloganda juu ya ngozi. Na mtu anayepakiwa kwenye bodaboda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kutoka Chukwani kupitia njia ya uwanja wa ndege hadi mjini, anajiongezea upepo mwingine juu ya ule aliopewa na Mungu.

Mwanao anaijua baridi hii kuliko wewe uliyebaki jikoni. Mtazame mikono anaposhuka, ameifumbata kwapani. Hakatai kwamba anaisikia. Anakataa kuonekana anaisikia, na hapo ndipo pa kufanyia kazi.

2. Usimtishe kwa maradhi.

"Utapata nimonia" ni kombora la zamani na haliruki tena. Mafua yanaletwa na virusi, nimonia inaletwa na bakteria na virusi, na mtoto wa kidato cha pili anayesoma baiolojia ataipangua hoja yako kabla chai haijapoa. Akishakushinda hapo, hata neno lako la kweli la kesho atalipima kwa lile la leo. Maradhi yaweke akiba. Yana mahali pake mwishoni mwa mwongozo huu, na huko utayahitaji yakiwa na nguvu zote.

3. Usiseme neno mbele ya wenzake.

Hatua hii isome mara mbili. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, waliwapa watu wa rika mbalimbali mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Wengine walicheza peke yao, wengine wenzao wakitazama. Watu wazima hawakubadilika sana. Vijana walipotazamwa na wenzao, waliingia kwenye hatari zaidi kuliko walivyofanya wakiwa peke yao. Kijana aliye peke yake na kijana anayetazamwa ni kama watu wawili, na wewe unamjua yule wa nyumbani tu.

Sasa fikiria kituo cha daladala asubuhi. Unatoka mlangoni na khanga yako, unapaza sauti: "We mtoto! Rudi uvae sweta!" Umempa kazi ya kuchagua kati yako na wale anaokwenda kukaa nao hadi saa nane mchana. Atawachagua wao, na asilaumiwe.

Fanya hivi. Usiku, akishalala, kunja sweta jepesi uliweke chini ya madaftari kwenye begi lake. Usimwambie, wala usimuulize jioni kama alilivaa. Darasani, upande wa dirisha, kusi likiingia na hakuna mtu wa nyumbani anayemwona, mkono utashuka wenyewe ndani ya begi. Ukilikuta jioni limekunjwa tofauti na ulivyolikunja, nyamaza, lirudishe palepale.

4. Mwache achague, lakini uchague kabla yake.

Koti lililonunuliwa na mama ni koti la mama, hata likitoka duka la ghali kiasi gani. Koti alilolifukua mwenyewe kwenye mitumba, akalipigania bei, atalivaa mpaka Februari jasho likimtiririka. Hakuna haja ya kulaumu majivuno ya namna hii. Sisi tuliosimama harusini kwa viatu vya kubana mpaka usiku wa manane hatuna ulimi wa kuyasema.

Kwa hiyo tangulia Darajani au Mwanakwerekwe siku moja kabla. Kagua mambo matatu ambayo kijana hatayakagua: zipu inayofunga mpaka juu, kitambaa kisichopitisha upepo, na mikono inayofika kwenye kifundo. Yatenge majaketi matatu au manne yaliyofaulu, kisha mnong'oneze muuzaji: "Kesho namleta kijana wangu. Haya yatundike mbele, kama ndiyo yaliyotoka kwenye belo leo." Muuzaji wa mitumba ana watoto pia, ataelewa bila maelezo ya pili.

Siku ya pili mpe mwanao pesa mkononi, wewe nenda kwenye samaki. Chelewa. Akirudi na mojawapo ya yale uliyoyatenga, kunja uso kidogo, useme, "Hili? Haya, ni lako wewe." Ukilisifu sana umeliua.

Akiwa mshabiki wa mpira kazi ni nyepesi zaidi. Mpenzi wa Yanga atavaa jaketi la kijani na njano kipupwe na kiangazi. Wa Simba hali kadhalika na jekundu lake.

Sisi wa Chukwani tuna bahati nyingine. Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait kiko hapa hapa, na wanafunzi wake wanapita mbele ya macho ya watoto wetu kila asubuhi. Kijana wa kidato cha tatu hamtazami baba yake kujua mtu avae nini. Anamtazama yule aliyemzidi miaka minne, mwenye simu masikioni na kitambulisho cha chuo shingoni. Ukiwa na mpwa au jirani anayesoma pale, muombe apite nyumbani jioni akiwa na hudi yake. Asiitaje. Akae, anywe kahawa, aondoke.

5. Ficha joto ndani.

Kisichoonekana hakichekwi. Nguo mbili nyembamba zinashika hewa katikati yake, na hewa hiyo ndiyo inayotunza joto, kwa hiyo fulana ya ndani chini ya shati la sare inafanya sehemu kubwa ya kazi ya sweta bila aibu yake. Wasichana wamerahisishiwa: chini ya shungi pana linaingia sweta zima na hakuna wa kujua. Ukiona binti yako hagombani nawe juu ya baridi, huenda amekwisha kuligundua hilo siku nyingi.

Kwa mvulana, usiku, tumia kikoi. Mwambie avae sweta kwenda Forodhani, atakwambia hana baridi. Mwachie kikoi kizuri cha babu yake juu ya kiti, atakitupia begani mwenyewe na kujitazama kiooni mara tatu kabla ya kutoka. Ikiwa Julai anakwenda Makunduchi na wenzake kwenye Mwaka Kogwa na watachelewa kurudi, viwe vikoi viwili, kwa sababu kimoja atamwazima mtu, na nadhani unajua ni mtu wa namna gani.

Na asitoke na tumbo tupu. Uji wenye pilipili manga na tangawizi hauchukui nafasi ya nguo, ila mwili unaomeng'enya chakula unatengeneza joto, na uji haujawahi kumwaibisha mtu kituoni.

6. Wakati wa masika, sahau mwavuli.

Hatauchukua. Koti la mvua la plastiki pia hatalivaa, kwa hiyo usitupe pesa. Elekeza nguvu kwenye shati kavu, kwa sababu maji yanaondoa joto mwilini takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Mtoto aliyelowa saa moja asubuhi, akakaa na shati hilo hadi mchana, amepata baridi kuliko yeyote wa Julai. Shati la pili na fulana vifungwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, vikae kwenye begi kuanzia Machi mpaka Mei. Kubadilisha shati lililolowa hakuna kijana anayekuona ni udhaifu.

7. Waachie wengine wafundishe.

Boti ya Dar es Salaam inafundisha vizuri sana. Safari ni kama saa mbili, na kiyoyozi cha mle ndani kila Mzanzibari anakijua. Mkiondoka pamoja na akakataa sweta, sema "haya" na ubebe khanga mbili. Msikae mbali na tundu la hewa. Mkifika kati ya mkondo utaona magoti yanakutana. Mpe khanga huku unatazama dirishani. Usiseme "nilikwambia." Neno hilo moja linafuta somo lote, maana kuanzia hapo atakuwa anagombana na wewe na kiyoyozi amekisahau.

Bara ndiko kwenye somo kubwa. Watoto wetu wanakwenda kusoma Iringa, Mbeya, Njombe. Hewa inapoa kwa nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Piga hesabu: unamtoa mtoto ufukweni na kumpeleka mahali ambapo, kwa mwinuko peke yake, pamepungua nyuzi kumi na mbili. Juni na Julai kule umande unaganda kwenye majani. Hii si baridi ya Chukwani, na ukaidi wa kituo cha daladala hauna nguvu juu yake.

Hata hivyo usimnunulie koti zito hapa Unguja. Atalichukia kabla hajapanda boti. Mpe sweta moja na soksi nene, na pesa ya koti umpe taslimu anunue kwenye mitumba ya huko huko. Njombe kila mtu amevaa koti, mwalimu, muuza mahindi, dereva, mwanafunzi. Kule anayechekwa ni yule aliyevaa shati tupu. Yale yale majivuno yaliyokutesa miaka mitatu yatageuka upande wako, na hutakuwepo hata kushuhudia.

Sharti moja tu: sweta liwe mikononi mwake ndani ya basi. Likiwekwa kwenye buti, halipo. Basi likimaliza kupanda Kitonga hewa inabadilika, Mafinga inabadilika tena, na kondakta hatasimamisha gari kumfungulia mtu begi.

8. Mahali pasipo pa kushindwa.

Sasa yatoe yale maradhi uliyoyaweka akiba.

Kama mtoto wako ana sikoseli, au selimundu kama wanavyoandika hospitalini, yote niliyokwambia juu ya kushindwa yana mpaka hapa. Hila zitumie zote: fulana ya ndani, kikoi, jaketi la Yanga, muuzaji wa mitumba. Lakini mtoto asitoke bila joto. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, na wengi wetu tunaye mmoja katika ukoo. Baridi inabana mishipa ya damu, chembe zilizopinda zinakwama ndani yake, na maumivu yanayofuata yanaweza kumlaza mtoto hospitalini siku kadhaa. Kwake yeye hali hiyo haingoji Njombe. Nguo iliyolowa inatosha. Kuogelea jioni na kukaa na bukta mbichi upeponi kunatosha, na kiyoyozi cha boti pia.

Huyu mwambie ukweli wote, faraghani, kwa sauti ya kawaida. Mweleze mishipa inafanya nini. Ana haki ya kuujua mwili wake, na kijana aliyeelezwa hujilinda vizuri kuliko aliyefokewa. Maji ya kunywa yasimpungukie, dawa zake na tarehe za kliniki zisirukwe. Mwenye pumu naye mtendee hivyo hivyo, maana hewa baridi inaweza kumbana kifua, na pampu yake isikae nyumbani.

Siku ya Selimundu Duniani ni Juni 19, kipupwe kikiwa ndiyo kwanza kimeanza. Tumia siku hiyo kwenda shuleni. Muone mwalimu wa darasa, mtajie ugonjwa kwa jina lake, na umuombe jambo moja: mtoto huyu asivuliwe sweta kwenye mstari wa asubuhi kwa sababu rangi yake si ya sare. Na walimu mnaosoma mwongozo huu, msingoje mzazi aje. Mtoto akisema anasikia baridi, mruhusuni avae alichonacho.