Mhadhara wa Wazi kwa Wasiojua Kunywa

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wa Tanzania, wa Kenya, wa Kongo, na wewe kijana uliyevutwa humu na harufu ya sambusa: karibuni. Kabla hatujapanda basi la kwenda Stellenbosch, kamati ya safari imeona busara iwanoe kidogo. Ilitafuta mjuzi wa mvinyo mwekundu mtaa wetu mzima wa La Rochelle, hapa Johannesburg, ikanipata mimi. Ni kweli mwenyekiti wa kamati ni mimi pia, lakini tusipoteze muda kwa mambo madogo madogo.

Kwanza, stahili yangu ya kusimama hapa. La Rochelle ya asili ni bandari ya Ufaransa, ngome ya Waprotestanti, iliyozingirwa na majeshi ya mfalme mwaka 1627 na kusalimu amri mwaka 1628 kwa njaa. Mwaka 1685 Louis wa 14 akaifuta amri iliyowapa Waprotestanti haki ya kuabudu, wakatawanyika. Mwaka 1688 baadhi yao wakateremka Rasi ya Tumaini Jema, wakapewa ardhi katika bonde ambalo hadi leo ni Franschhoek, na miongoni mwao walikuwamo watu wa mizabibu. Basi mimi, ninayelipia chumba katika mtaa wenye jina la bandari ile, nina udugu wa kitaalamu na zabibu. Mnaocheka, chekeni. Hoja hii hakuna aliyewahi kuipinga kwa maandishi.

Mtauliza mbona hapa Johannesburg hatuoni mizabibu. Tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mvua yetu inanyesha wakati wa joto, pengine na mawe yake, wakati uleule zabibu zinapoiva. Zabibu mbivu ikiloa, ukungu umeipata. Kule Rasi mvua ni ya msimu wa baridi, na mavuno, kuanzia Januari hadi Machi, hukuta ardhi kavu. Sisi huku tulipewa dhahabu, nayo haionjwi. Ni kweli majirani zetu Wareno, waliotoka Madeira, na wale waliokimbia Msumbiji na Angola karibu na mwaka 1975, wamekaa na mvinyo mezani miaka yote hii katika mitaa hii ya kusini. Hapo Rosettenville ndipo duka la kuku wa pilipili lilipogeuka Nando's mwaka 1987. Lakini Wareno hunywa wakiwa na chakula, wanacheka, wanaongeza, wanakwenda kulala. Hakuna mhadhara! Watu wa namna hiyo huwezi kuwasaidia.

Tunakokwenda huko Stellenbosch ni Meerlust, shamba la familia ya Myburgh tangu mwaka 1756, vizazi vinane. Liko karibu na False Bay, hivyo upepo wa bahari huzipoza zabibu jua likizidi. Mvinyo wao uliowapa jina ni Rubicon, mchanganyiko unaobebwa na Cabernet Sauvignon na Merlot, na mavuno yake ya kwanza ni ya mwaka 1980. Nimeyasema haya bila kusoma popote. Karatasi hii mkononi ni ya orodha ya abiria.

Sasa utaratibu. Glasi inashikwa mguuni, si tumboni. Iinamishe juu ya kitambaa cheupe uitazame pembezoni: mvinyo mchanga una zambarau, uliozeeka unaelekea rangi ya tofali. Hapo kaa kimya, na uso uwe na huzuni kidogo. Kisha izungushe, tia pua, useme umesikia harufu gani. Ruksa kusema tumbaku, ngozi ya kiatu, zambarau zilizoiva, hata penseli iliyotoka kuchongwa. Wataalamu wa Cabernet husema penseli bila haya. Neno moja tu ni mwiko: zabibu. Atakayesema mvinyo unanukia zabibu atashushwa njiani.

Dada wa Lubumbashi ananyoosha mkono: na kama sisikii chochote? Dada, sayansi imeshakujibu. Mwaka 2001 Wafaransa wa Bordeaux walichapisha utafiti wao: waliwapa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo glasi ya mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wakaueleza kwa maneno yaleyale ya mvinyo mwekundu. Wapo wanaosema utafiti ule uliwaumbua wataalamu. Mimi naona uliwatukuza: kumbe mtu akisoma vya kutosha, pua haina kazi.

Ukishaonja, utasikia ulimi na fizi vinakauka, kama umekunywa chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni tangu asubuhi. Ule ukakasi ndio tanini, na unatoka kwenye maganda, kokwa na mapipa ya mwaloni. Rangi nayo inatoka kwenye maganda, maana zabibu nyeusi karibu zote zina maji meupe ndani. Ndiyo, mzee wa kule nyuma? Anasema kwao Dodoma hilo analijua kila mtoto aliyewahi kuminya zabibu, na kwamba kwa baba yake wanavuna mara mbili kwa mwaka. Asante, mzee. Kulima ni jambo moja, utaalamu ni jambo jingine. Keti.

Ukimaliza, unatema. Kuna chombo maalumu. Naona miguno. Hii ndiyo sehemu ambayo watu wetu huwa wanafeli.

Mzee amesimama tena. Anauliza: hivyo vizazi vinane ni vya wenye shamba, waliopalilia na kukata matawi wana vizazi vingapi? Swali hili halimo katika mada, ila nisije nikaonekana sijui. Mashamba ya Rasi yalianza kwa kazi ya watumwa, walioletwa kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia, hadi utumwa ulipofutwa mwaka 1834, nao wakashikiliwa bado mpaka 1838 kwa jina la uanagenzi. Tena ulikuwapo mtindo wa dop: kibarua wa shamba la mizabibu alilipwa sehemu ya ujira wake kwa mvinyo hafifu, vipimo kadhaa kwa siku. Sheria iliukataza, ukaendelea miaka mingi, na leo Rasi ya Magharibi ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye watoto wengi zaidi waliozaliwa wakiwa wameathiriwa na pombe tumboni mwa mama zao. Hao hawakupewa chombo cha kutemea. Lakini hiyo ni historia, mzee, na sisi leo tunazungumzia ladha.

Tuendelee. Nauli ilipwe kwangu, taslimu. Nguo nyeupe msivae. Wakiuliza ni nani kiongozi wa msafara, nioneshwe kwa kidole kizima, si kwa kidevu. Maswali yaliyobaki yaandikwe kwenye vikaratasi vinavyogawiwa mlangoni. Wewe wa Dodoma, vikaratasi vimekwisha.