Umeme Usio na LUKU

Umeme tuli hauna msemaji. Ule wa kwenye nyaya una mashirika, mawaziri, makandarasi na malalamiko ya kila msimu wa ukame. Huu mwingine, unaokaa kwenye sweta, zulia na mfuko wa nailoni, haukumbukwi hata kwa ubaya wake. Naona si haki. Nishati isiyokatika, isiyo na mgao, isiyodai tokeni za LUKU, inayozalishwa na yeyote mwenye soksi na kipande cha zulia, inastahili kusifiwa angalau mara moja.

Tumwite mheshimiwa, maana nasaba yake inaruhusu. Wagiriki wa kale walishajua kwamba kaharabu ikisuguliwa huvuta makapi. Mwaka 1600 tabibu Mwingereza, William Gilbert, alimpa nafasi katika kitabu chake cha sumaku. Mwaka 1938, huko Astoria, New York, Chester Carlson alimtumia kuhamisha maandishi hadi kwenye karatasi, na huo ndio mwanzo wa fotokopi. Kwa hiyo kila steshenari iliyo jirani na ofisi ya serikali inakula kwake. Kila nakala ya cheti cha kuzaliwa, kila fomu iliyorudufiwa kwa ajili ya kutoa mzigo forodhani, imepita mikononi mwake. Hizo fomu za forodha tutazirudia.

Sifa yake kubwa ni kutojitangaza. Mtu huanza kuhisi cheche kwenye kidole chaji ikifika volti 3,000 hivi. Chini ya hapo hasikii kitu, anaendelea na shughuli zake. Lakini zipo chipu za kompyuta zinazoharibika kwa volti 100, na nyingine hazihitaji hata kiasi hicho. Uwanja ulio kati ya tarakimu hizo mbili wote ni wa mheshimiwa, na humo hufanya kazi bila kelele, bila moshi, bila harufu. Ndani ya transista kuna utando wa kuhami wenye unene wa nanomita chache, wakati unywele wa binadamu hufika kama nanomita 80,000. Yeye huutoboa utando huo akaondoka. Mwenye kidole hadhuriki, kwa kuwa volti ni nyingi lakini chaji yenyewe ni ndogo mno. Ukiishika RAM iliyokwisha kutembelewa ukaigeuzageuza kwenye mwanga, meno yake ya dhahabu yanang'aa vilevile, chipu nyeusi zimejipanga vilevile, huoni hata alama.

Ukitaka kumwona akiwa nyumbani kwake, nenda Minneapolis mwezi Januari. Nje theluji, ndani hita inawaka mchana kutwa na hewa imekauka hadi midomo inapasuka. Vitabu vya fani hii vinasema kutembea juu ya zulia katika hewa kavu namna hiyo kunaweza kumjaza mtu volti 35,000. Hewa ikiwa na unyevunyevu mwingi, matembezi hayohayo humpa 1,500. Basi ndugu yetu anayeishi huko, anayetaka kututumia vipuri vya kompyuta, ana soksi za sufu na sweta. Anatoka chumbani na RAM mbili na bodi kuu ya kompyuta, amezishika kwenye yale meno ya dhahabu kama mtu anayeshika samaki kwa mkia. Anazitia kwenye mfuko wa nailoni wa dukani. (Sisi Watanzania tulipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea Juni 2019, na bila kukusudia tukampunguzia mheshimiwa makazi, kule bado ipo.) Halafu anamimina vile vipande vyeupe vya povu gumu. Vinamganda kwenye mikono ya sweta, anavipukuta, vinarudi, watoto wanacheka. Hapo mheshimiwa amejitambulisha waziwazi mbele ya familia nzima na hakuna aliyempa hata salamu. Mwisho ndugu anavuta selotepu, krrrr, na kule kubanduka kwake peke yake kunazalisha chaji nyingine.

Kisha safari. Hewa ya juu inapopita ndege ni baridi na kavu kupita kiasi, na mtikisiko haukomi, kwa hiyo bodi inasuguana na nailoni mwendo wote. Mheshimiwa anapanda ndege halipi nauli, hana viza, na hakuna mashine ya ukaguzi inayomwona.

Boksi linafika Dar es Salaam. Karatasi zinarudufiwa, zinagongwa muhuri, mzigo unatoka. Ule umeme ulioua RAM ndio uliotoa nakala safi za kuikomboa. Siku ya pili, Kariakoo, kaunta ya fundi:

"Fundi, mdogo wangu ameitoa kwenye mashine inayowaka."

"Nakuamini, mzee. Lakini hapa haisomi."

"Labda wameibamiza njiani."

"Boksi si umelileta mwenyewe? Halina hata mkunjo."

Tazama amani anayoileta. Aliyetuma anaapa kwamba kifaa kilikuwa kizima, na ni kweli. Msafirishaji anasema hakuangusha, na ni kweli. Fundi anaogopa asije akasingiziwa, anairudisha RAM haraka kwa ncha za vidole. Hakuna wa kushtakiwa. Kinachobaki ni kijishaka kidogo tu, kwamba mdogo wetu wa Marekani siku hizi anatutumia takataka, na hicho kitasubiri harusi ijayo. Muuza vipuri wa duka la pili naye anapata mteja. Ni wangapi wanaoweza kugawa riziki kwa njia hiyo?

Tena si lazima aue papo hapo. Mara nyingine hujeruhi tu. Kifaa kinawaka, kinasifiwa, kinafanya kazi wiki kadhaa au miezi, kisha kompyuta inaanza kuganda bila sababu, na huwa ni siku ile ya kuwasilisha tasnifu. Hapo lawama zinagawiwa kwa virusi, kwa Windows, kwa umeme wa mgao, hata kwa jirani mwenye kijicho. Mheshimiwa hadai lolote. Kazi amefanya yeye, sifa wamepewa wengine, na amenyamaza.

Kwetu pwani, lazima tukiri, hapati heshima anayostahili. Tanga, Mombasa, Unguja, kwenye joto lile na hewa nzito ya bahari, chaji hupotea kabla haijajikusanya. Fundi wa Kariakoo mwenye jasho hadi kwenye viwiko analindwa na jasho hilohilo analolilaani. Lakini maendeleo yamemkumbuka mheshimiwa. Kiyoyozi hukausha hewa, na ofisi yenye kiyoyozi na zulia ukuta hadi ukuta imemfungulia tawi katikati ya jiji. Dubai, ambako kompyuta zetu nyingi zilizotumika hununuliwa, nje kuna mvuke wa bahari na ndani ya maduka kuna baridi ya viyoyozi. Yeye anakaa ndani. Dodoma wakati wa kiangazi hahitaji hata kiyoyozi.

Anayesifiwa hakosi maadui, na huyu anao wawili wanaojulikana kwa rangi. Mfuko wa waridi ni adui wa nusu. Plastiki yake imetiwa dawa ili yenyewe isizalishe chaji, lakini cheche inayotoka nje haiizuii, na dawa hiyo hupungua nguvu kadiri miaka inavyopita. Adui wa kweli ni ule mfuko wa kijivu unaong'aa, wenye utando mwembamba wa alumini kati ya matabaka ya plastiki. Mwaka 1836, London, Michael Faraday alitengeneza chumba kilichozungushiwa karatasi ya chuma, akaingia na vipimo vyake huku umeme mkali ukirushwa kwa nje. Ndani vipimo havikuona kitu. Mfuko wa kijivu ni chumba kile, kimepunguzwa kikatosha RAM.

Bahati nzuri kwa mheshimiwa, chumba chenye mlango wazi hakimzuii, na watu wengi huuacha mdomo wa mfuko bila kuukunja. Mfuko uliofinyangwa na kutoboka haumsumbui. Wapo pia wanaoutandika mezani na kuweka bodi juu yake wakidhani wameilinda, ilhali kinga iko ndani. Na nimeuona mfuko mzima, mpya, umefungiwa karanga.

Yote anayoyaogopa ni madogo kiasi cha kuaibisha jina lake kubwa. Gusa kwanza chuma tupu cha kompyuta iliyochomekwa kwenye soketi yenye waya wa ardhi. Shika bodi kwa kingo, usiguse meno. Iingize kwenye mfuko wa kijivu, kunja mdomo, bandika, kisha ndipo uizungushie sifongo au kadibodi, na soksi zibaki miguuni. Kila RAM na mfuko wake. Mfuko wenyewe mara nyingi huja bure na kifaa kipya, tukautupa.

Kama una ndugu Minneapolis, Birmingham au Sharjah anayefunga boksi wiki hii, mpigie simu sasa, kabla hajavuta selotepu.